Majike wangu wanalalia watoto: nitengenezeshe vizimba vya chuma?

SWALI: Shikamoo daktari. Nipo Makambako, nina majike wanne wa nguruwe. Banda ni la mabanzi, sakafu ya saruji, paa la bati. Mwezi wa sita na wa saba wamezaa watatu, jumla watoto 31, na leo wamebaki 17. Wengi nawakuta asubuhi wamebanwa chini ya mama, wamekuwa kama chapati. Fundi wa kuchomelea amenishauri vizimba vya chuma vya kumbana mama asigeuke, kila kimoja laki tatu na nusu. Jirani anasema niwauze, majike hawa hawana uchungu na watoto. Wa nne anatarajiwa kuzaa katikati ya mwezi wa nane. Nimsikilize yupi?

JIBU: Marahaba, dada, na pole sana. Hata mashamba makubwa yenye wataalamu wa kutosha hupoteza watoto 10 hadi 20 katika kila 100 kabla ya kuachisha kunyonya. Wewe umepoteza karibu nusu, na nusu haipotei kwa bahati mbaya. Jibu langu la haraka ni hili: vizimba usitengenezeshe, majike usiuze. Watoto wako, kwa maelezo uliyotoa, waliuawa kwanza na baridi. Mama alimalizia tu.

Usinikubali kwa imani tu. Akifa mwingine, chukua wembe na ndoo ya maji. Mpasue, kata kipande cha pafu ukitie majini. Kikizama, mtoto huyo alizaliwa amekufa, hakuwahi kuvuta pumzi, na mama hana kesi. Kikielea, alipumua. Sasa fungua tumbo lake dogo. Ukikuta maziwa yaliyoganda kama mtindi, huyo alikuwa ameshiba na kweli alilaliwa akiwa mzima. Ukikuta tumbo tupu, au ute kidogo tu, alikuwa hoi kwa njaa na baridi kabla mama hajamgusa. Nimewapasua wengi kwenye mabanda ya nyanda za juu, na wenye matumbo matupu ndio walio wengi. Angalizo moja tu: kama na wakubwa wanakufa, wana homa na ngozi imekuwa nyekundu au zambarau masikioni na tumboni, weka wembe chini umpigie afisa mifugo wa kata. Hiyo inaweza kuwa homa ya nguruwe ya Afrika, na damu ya mzoga mmoja itakumalizia banda zima.

Tuje kwenye baridi. Mtoto wa nguruwe anatoka kwenye tumbo lenye nyuzi 39 za joto. Anatua kwenye sakafu akiwa amelowa, ana uzito wa kilo moja na kitu, manyoya yake ni kama ya peach, na hana yale mafuta ya kahawia ambayo mtoto wa binadamu na mwanakondoo huzaliwa nayo ili mwili uyachome kutoa joto. Ndani ya nusu saa ya kwanza joto la mwili wake hushuka nyuzi 2 au zaidi. Anajisikia vizuri hewa inayomzunguka ikiwa na nyuzi 32 hadi 35. Usiku wa mwezi wa saba huko kwenu hewa inaweza kushuka hadi karibu na nyuzi 10, na saruji tupu humnyonya joto mtoto kuliko hata hewa yenyewe. Mlaze mwanao mchanga, akiwa amelowa, kwenye kibaraza saa nane ya usiku wa Julai, ndipo utaelewa ninachosema.

Mtoto aliyepoa anakuwa mzito. Anatetemeka, anatembea kama mlevi, anafika kwenye chuchu wenzake wameshajipanga. Hapo ndipo anapokosa dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mama baada ya kuzaa. Nguruwe hapitishi kinga kwa watoto kupitia kondo la nyuma. Kinga yote iko kwenye dang'a, na utumbo wa mtoto hufunga mlango wa kuipokea baada ya siku moja hivi. Anahitaji takribani gramu 250 ndani ya saa 24 za kwanza. Na dang'a ikishapita, maziwa ya kawaida hayatoki muda wote kama bomba la mtaani: mama huita watoto kila baada ya dakika 45 hadi saa moja, wanakanda chuchu kwa pua, kisha maziwa yanachuruzika kwa sekunde 15 hadi 20 tu. Imekwisha hiyo, hadi saa nyingine. Aliyesinzia amekosa. Akikosa mara tatu, nne, hana nguvu ya kurudi kujaribu, kwa hiyo anafanya jambo la akili kabisa kwa kiumbe wa hali yake: anajilaza palipo na joto. Na kwenye banda lako joto lipo mahali pamoja tu, ubavuni kwa mama.

Siku moja kaa na tochi uangalie jike anavyolala. Anapiga magoti ya mbele kwanza, taratibu. Anateremsha bega. Mpaka hapo mtoto mzima ana muda wa kukimbia. Kisha kiuno kinaanguka chote kwa mkupuo, kilo zaidi ya 150, na hapo hakuna breki. Hatari nyingine ni pale anapojigeuza kutoka tumboni kwenda ubavu ili anyonyeshe. Mtoto mwenye joto na maziwa tumboni anasikia mguno wa mama, anaruka. Aliyepoa hasikii, au anasikia na miguu haimtii. Asubuhi unamkuta chapati, jirani anasema mama hana uchungu.

Sasa angalia upande wa mama, maana hapa ndipo mabanda mengi yanapoharibikiwa. Jike anayenyonyesha anapenda nyuzi 18 hadi 20 hivi. Hana jasho la kumpoza, ana mafuta, na kutengeneza maziwa kunamchemsha kwa ndani. Kwa hiyo ukipasha banda zima joto la kuwafaa watoto, mama anahema, anagoma kula, maziwa yanakauka. Ukiliacha banda zima kwenye ubaridi wa kumfaa mama, watoto wanakufa. Mama na watoto wanataka hali mbili za hewa ndani ya chumba kimoja, na mjenzi asiyelijua hilo atakujengea banda zuri la kupigia picha, lakini litakuwa linaua kila msimu.

Suluhisho ni sanduku. Sanduku la mbao lenye kifuniko, lisilo na sakafu au lenye sakafu ya mbao, urefu sm 120, upana 60, kimo 60, na mlango wa chini wa sm 25 ambao mtoto anapita na mama hapiti. Liweke kwenye kona isiyo na upepo, mbali na maji, na kwa ukaribu ambao mama akilala watoto hawana safari ndefu. Ndani weka maranda makavu au nyasi kavu kimo cha kiganja. Kama una umeme, taa ya joto ya wati 100 hadi 175 ining'inizwe kwa mnyororo, sm 50 hivi juu ya migongo yao, waya wake ukipita nje kabisa ya meno ya mama. Narudia, mnyororo, usitumie waya wa umeme wenyewe. Taa ikianguka kwenye maranda umeunguza banda na nyumba yako. Kama umeme hauaminiki, madumu ya lita 5 yaliyojazwa maji ya moto na kuvalishwa gunia yanafanya kazi nzuri kwa saa tatu nne, kisha unabadilisha. Chungu cha mkaa najua wengi mnakitumia kwa vifaranga. Kwenye sanduku lililofunikwa sikishauri hata kidogo. Hewa ya mkaa haina harufu, na inalaza watoto usingizi wasiouamka.

Huhitaji kipimajoto kujua kama sanduku liko sawa. Wakirundikana mmoja juu ya mwingine, wana baridi. Wakitawanyika kwenye kingo na kusogelea mlango, umezidisha. Wakilala ubavu, wamepangana kama samaki kwenye sinia, wanagusana bila kupandana, nenda kalale na wewe. Baada ya wiki ya kwanza punguza taratibu. Wakifika wiki ya tatu nyuzi 26 hadi 28 zinawatosha.

Kuna jambo ambalo wauza taa hawakuambii. Siku mbili tatu za kwanza watoto hawataki sanduku. Pua inawapeleka kwenye ziwa, na watalala kwenye ziwa hata ukiwawekea hoteli. Siku hizo tatu ndizo zinazoua, kwa hiyo ni wewe utakayewazoesha. Kila mama anapopewa chakula, wakusanye, watie sandukuni, ziba mlango kwa ubao kwa nusu saa, hadi amalize kula, anywe, ajisaidie na alale tena. Ndipo ufungue. Mama anaposimama na kulala ndipo ajali nyingi zinapotokea, na kwa kufanya hivi mara tatu kwa siku utakuwa umemwondolea watoto miguuni katika safari zake nyingi. Na usiku wa kuzaa wenyewe, weka nyasi nyingi, na taa ya pili kama unayo, nyuma ya mama pale watoto wanapotua, uwafute kwa kitambaa kikavu mmoja mmoja. Ni kazi ya saa tatu nne. Hakuna saa zenye faida kama hizo katika ufugaji wote wa nguruwe.

Kando ya kuta weka vizuizi. Hivi navitetea kuliko kifaa chochote cha chuma. Chukua bomba la inchi moja na nusu, au mirunda iliyonyooka, ukizungushe ukutani kimo cha sm 20 hadi 25 kutoka sakafuni na umbali huohuo kutoka ukutani. Nguruwe anapenda kuegemea ukuta anapolala, anauteleza mgongo kushuka. Bila kizuizi, mtoto aliyekuwa ukutani hana pa kwenda. Kikiwepo, kunabaki uchochoro wa kumpitisha. Chumba chenyewe kiwe na mita za mraba 5 hadi 7. Cha mita 2.5 kwa 2.4 kinatosha. Kikiwa kidogo zaidi mama hageuki bila kukanyaga mtu. Kikiwa kikubwa mno anajitupa katikati ambako hakuna cha kuegemea.

Nakuja kwa fundi wako. Nisimuonee: kizimba cha chuma kinapunguza kulaliwa kwa watoto, hilo ni kweli, na ndiyo maana tangu miaka ya 1960 kimeenea Ulaya na Marekani. Jike anasimama kwenye uchochoro wa sm 60 kwa mita 2 na ushei, anaweza kusimama na kulala, kugeuka hawezi. Ila kuna hesabu ambayo haionekani kwa haraka. Uswisi walipiga marufuku vizimba hivyo mwaka 1997 na kuwapa wafugaji miaka kumi ya kubadilika. Watafiti wao wakalinganisha mashamba zaidi ya 600, yenye vizimba na yasiyo navyo. Walikuta kwenye vyumba huru wanaolaliwa ni wengi zaidi, kama fundi anavyosema, lakini kwenye vizimba wanaokufa kwa sababu nyingine ni wengi zaidi, na mwisho wa siku waliobaki hai walikuwa sawasawa. Sweden walikuwa wameshaviacha tangu sheria yao ya 1988. Hawa si watu wa kufuga kwa huruma tupu, nguruwe kwao ni biashara.

Kwa nini kizimba hakileti faida kubwa kama kinavyoonekana? Jibu liko katika ile siku moja kabla ya kuzaa, na hapa niruhusu nikuchukue kando kidogo. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, huko Edinburgh, Uskoti, watafiti wawili, Alex Stolba na David Wood-Gush, waliwachukua nguruwe wa kawaida wa kufugwa, waliozoea kuta na vihori, wakawaachia kwenye eneo la mlimani lenye vichaka na miti. Majike wale walipokaribia kuzaa walijitenga na kundi, wakatembea mbali, wakatafuta mahali penye kinga ya upepo, wakachimba shimo la kina kifupi na kuanza kubeba nyasi na matawi kwa mdomo hadi kiota kikakamilika. Hakuna aliyewafundisha. Karne nyingi za kufugwa zilikuwa hazijaifuta kazi hiyo vichwani mwao.

Na wako hivyo hivyo. Jaribu kukumbuka, usiku kabla hajazaa jike wako hakukaa chini, si ndiyo? Alikuwa anaparua saruji kwa kwato za mbele, anasukuma ndoo tupu kwa pua, anatafuna ubanzi, labda aliuvuta mfuko wa pumba akauchana. Wewe ukadhani ana njaa. Alikuwa anajenga nyumba, ila hakuwa na matofali. Jike aliyepewa nyasi akajenga, akamaliza, akaridhika, hutulia. Uzazi wake huenda vizuri, na baada ya hapo haamki amki ovyo. Aliyebanwa kwenye chuma anapata hamu ileile na mwili hauna pa kuipeleka. Anauma vyuma, anahangaika, homoni za mfadhaiko zinapanda, na uzazi unaweza kuchelewa, watoto wa mwisho wakitoka wamechoka au wamekufa. Nyasi kavu za kilo mbili tatu, kwako Makambako, ni bure. Mletee saa 24 kabla. Ziwe ndefu, maana anataka kubeba, maranda hayabebeki.

Ukiona bado una wasiwasi, mwambie fundi akuchomelee lango moja la bawaba, upande mmoja umefungwa ukutani, ambalo unaweza kumbania mama siku tatu nne za mwanzo baada ya kuzaa na kulifungua kwa siku zote zilizobaki. Wafugaji wengi wa Ulaya wanakwenda upande huo sasa, na kwa mama mmoja mkubwa mwenye tabia ya kujitupa nimeona linasaidia. Lango moja, lakini, na baada ya sanduku. Pesa ya kizimba kimoja inakutosha mirunda, mbao za masanduku yote na taa.

Nimesema neno kujitupa, nalo linanirudisha kwenye sakafu. Banda langu la kwanza kabisa, nikiwa kijana mwenye cheti kipya na kiburi chake, nililipiga niru. Sakafu iling'aa, wageni waliisifu. Miezi mitano baadaye jike wangu bora alikuwa anachechemea, na anayechechemea hapigi magoti taratibu, anajiachia tu aanguke, kwa sababu kila hatua ya kushuka inamuuma. Nilipoteza watoto wanne kwa uzazi mmoja nikamlaumu mama yao, kama jirani yako. Sakafu isugulike kwa ubao, au ipitishwe fagio la chelewa ikiwa mbichi, ibaki na ukakasi wa kushika kwato. Isiwe na ukali wa msasa, maana watoto wanaponyonya hupiga magoti na kusukuma kwa nguvu. Sakafu kali inachuna magoti yao ndani ya siku mbili, vijidudu vinaingia, na wiki ya pili unaona viungo vimevimba. Mwinamo uwe sm 3 kwa kila mita, kuelekea mferejini. Mpya ioshwe mara nyingi kabla ya kuingiza mnyama, saruji mbichi inaunguza miguu na chuchu.

Unyevu nao una hesabu zake. Ukiona kuhara katika siku tatu nne za mwanzo, mara nyingi ni bakteria waliobaki kwenye uchafu wa uzazi uliopita. Kuhara kwa rangi ya malai kunakoanza siku ya saba hadi ya 14, kusikosikia dawa za kawaida, shuku koksidia, vijidudu vya utumbo, na hao wanapenda chumba chenye joto na unyevu. Tiba yake kubwa ni kuosha kwa maji ya moto na sabuni, kupaka chokaa, na kukiacha chumba kikauke siku kadhaa kabla ya mama mwingine kuingia. Halafu chuchumaa. Weka uso wako kimo cha pua ya mtoto uvute pumzi. Macho yakikuwasha kwa mkojo, ukiwa umesimama hukujua, wao wanaishi humo saa 24.

Saruji inachukua na kitu kingine: udongo. Mtoto wa nguruwe huzaliwa na akiba ya madini ya chuma ya miligramu 50 hivi, anatumia karibu 7 kwa siku, na maziwa yanampa moja tu. Porini angeramba udongo. Kwenye sakafu yako, wiki ya pili anakuwa mweupe kama karatasi, anahema, na wapita njia wanasema ni mnene. Sindano ya chuma ya miligramu 200 siku ya tatu ndiyo malipo ya kuwa na sakafu nzuri.

Majike wenye mimba wala usiwaweke kwenye vizimba. Umoja wa Ulaya ulikataza hilo kuanzia 2013, isipokuwa wiki nne za kwanza baada ya kupandishwa na wiki ya mwisho kabla ya kuzaa, na wanataka kila jike awe na mita za mraba 2.25 hivi za kujitawala. Wako wanne wapewe chumba kimoja kikubwa chenye nyasi. Kitu cha kutenganisha ni chakula, kwa sababu mwenye nguvu atakula wa mnyonge, mmoja anene hadi ashindwe kulala taratibu, mwingine akonde hadi watoto wazaliwe wadogo. Weka vizuizi vya mbao kwenye kihori, vya kutosha mabega. Na usichanganye majike wageni katika mwezi wa kwanza baada ya kupandishwa: wanapigana, na mimba changa ndiyo inayolipia ugomvi.

Wasomaji wa Dar, Tanga na Pwani wataniuliza mbona nahubiri joto tu. Kwenu adui ni mwingine, joto lenyewe. Nyuzi 30 za mchana zinamfanya mama ale nusu, maziwa yapungue, na watoto wenye njaa hawabanduki kwenye ziwa, kwa hiyo wanalaliwa vilevile, kwa njia nyingine. Paa liwe juu, makuti yanafaa kuliko bati, kuta za pembeni ziwe wazi, kivuli cha mti upande wa magharibi, na matone ya maji yakimdondokea shingoni saa za mchana mbali na sanduku. Maji ya kunywa ndiyo msingi, huko na hata kwa dada wa Makambako: anayenyonyesha hunywa lita 20 hadi 30 na zaidi kwa siku. Ndoo ndogo moja asubuhi na moja jioni ni kumpunguzia maziwa.

Neno kuhusu mabanzi yako. Nyufa zake zizibe. Papasi, wale kupe laini wa nyufani, ni miongoni mwa wanaohifadhi kirusi cha homa ya nguruwe ya Afrika, ugonjwa ulioelezwa kwa mara ya kwanza Kenya mwaka 1921 na ambao hadi leo hauna tiba. Na usikate tamaa ukawafungulia nguruwe watafute wenyewe mtaani kwa kuwa banda limekushinda. Nguruwe anayezurura anakula kinyesi cha binadamu, anapata tegu, na mzunguko wa tegu huyo ukirudi kwa watu unaleta kifafa. Mikoa yetu ya kusini inaijua hadithi hiyo vizuri.

Jirani yako? Ana haki katika jambo moja. Wapo majike wa kuuza: anayeng'ata watoto uzazi wa pili mfululizo, anayechechemea asipone, mwenye chuchu zilizokufa. Anza daftari leo. Andika kila jike, tarehe, waliozaliwa hai, waliokufa, siku gani, tumbo tupu au limejaa. Mimba ni siku 114, kunyonyesha wiki sita, na wiki moja hivi ya kurudi kwenye joto la kutaka dume, jumla siku 163, yaani kila jike ana nafasi mbili na kidogo kwa mwaka. Mpe nafasi moja ndani ya chumba chenye sanduku, vizuizi na nyasi. Akishindwa hapo, kitimoto.

Huyo wa nne sasa. Siku saba kabla ya tarehe, mwogeshe kwa sabuni, hasa tumbo na chuchu, umhamishie chumba cha kuzalia ambacho tayari kimeoshwa na kukauka. Sanduku liwe limeshawekwa, ameshalinusa, ameshalizoea. Kuanzia siku ya 112 kamua chuchu kila jioni kwa vidole viwili. Ukipata tone la maji maji, bado. Yakianza kutoka maziwa kwa mchirizi, una chini ya siku moja: mpe nyasi, jaza madumu, tafuta vitambaa vikavu, chaji simu ya tochi. Na chemsha maji mengi, ya madumu na ya chai, maana usiku huo hulali.